Watoto wa mbuzi wanazaliwa na uvimbe shingoni: inawezekanaje madini joto yapungue ilhali tunaishi pwani?

Mfugaji wa Goba

Habari za leo, ndugu wafugaji na wataalamu. Ninafuga mbuzi sita wa maziwa hapa Goba, Dar es Salaam, na wote hulishwa bandani kwa sababu hakuna malisho ya kuwapeleka. Msimu huu watatu wamezaa, na kati ya watoto watano, wawili walizaliwa wafu na mmoja alikufa siku ya pili kwa kushindwa kusimama anyonye dang'a. Huyo nilimpakata mwenyewe: manyoya yake yalikuwa machache kama vinyweleo vya mkono wa mtu, ngozi ya tumbo ikionekana wazi, na chini kidogo ya kikoromeo nilipapasa vinundu viwili vigumu, kimoja kila upande wa koo la hewa, kila kimoja kama tunda la zambarau.

Wanakula majani ya kabichi ninayookota soko la Mabibo, maganda ya mihogo kutoka kwa jirani anayekaanga mihogo, majani ya mti wa lusina niliyoipanda uzioni, pumba za mahindi na mashudu ya alizeti. Chumvi ninayowapa ni ya mawe, kutoka Kunduchi. Jirani ananiambia hili ni rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, la upungufu wa madini joto, lakini mimi nilifundishwa kwamba rovu ni ugonjwa wa watu wa milimani. Naomba kueleweshwa, kwa maana mbuzi wawili wengine wana mimba.

Daktari wa mifugo, Kigamboni

Pole sana, ndugu. Maelezo yako yamenisaidia, hasa ulipotaja mahali vinundu vilipo. Uvimbe unaoletwa na minyoo ya tumboni ni tofauti: hukaa kati ya mifupa ya taya, huwa laini, ukiubonyeza kidole huacha shimo, na ukifunua kope ya chini ya mbuzi huyo utaikuta imepauka. Vinundu viwili vigumu vilivyokumbatia koo la hewa chini ya kikoromeo, kwa mtoto aliyezaliwa na manyoya haba, vinaelekeza kwenye tezi ya thairoidi, yaani dundumio.

Tezi hiyo hutengeneza homoni ya thairoksini, ambayo kila molekuli yake hubeba atomi nne za madini joto. Madini hayo yakipungua, ubongo hauoni homoni ya kutosha kwenye damu, basi huendelea kuiamuru tezi ifanye kazi zaidi, nayo huvimba kwa kuhangaika na kidogo ilichonacho. Mama anaweza kuonekana mzima na akakamuliwa vizuri, lakini kijusi kinachohitaji homoni hiyo ili kiote manyoya na kipate joto la mwili baada ya kuzaliwa ndicho kinacholipa deni.

Kuhusu pwani: mbuzi wako wanaishi Goba, lakini wanakula udongo wa mbali. Kabichi nyingi za Mabibo hutoka Lushoto na Iringa, alizeti hutoka mikoa kama Singida, na mahindi mengi hutoka Nyanda za Juu Kusini, ambako rovu la binadamu lilikuwa tatizo kubwa kabla chumvi yenye madini joto haijaenea. Upepo wa bahari hauzifikii pumba zilizokwisha kusagwa. Nayo chumvi ya mawe, ijapokuwa imetoka baharini, ina madini joto machache mno, kwa hiyo mpaka iongezwe kiwandani haiwezi kuwa tiba.

Tena umeweka pamoja vyakula vitatu vinavyoibana tezi hiyohiyo. Sumu ya maganda ya mihogo hugeuzwa mwilini kuwa thaiosayaneti, ambayo huzuia madini joto kuingia kwenye tezi. Athari hii hupungua ukiongeza madini joto na ukiyaanika maganda juani hadi yakauke vizuri. Kabichi na lusina ni shauri jingine, kwa kuwa kemikali zake huweza kuzuia tezi isiyaunganishe madini ambayo tayari yameingia, na hapo kuongeza madini joto peke yake hakutoshi, bali ni lazima upunguze chakula chenyewe. Lusina isizidi theluthi moja ya mlo. Sumu iliyomo, iitwayo mimosini, humnyonyoa mnyama manyoya hata bila rovu, na mbuzi wa Hawaii waliweza kuila bila madhara kwa sababu tu matumboni mwao walikutwa na bakteria wanaovunja sumu hiyo.

Akifa mwingine, usimzike kabla hujaniita mimi au daktari wa karibu nawe. Tutaitoa tezi na kuipima. Kwa wanakondoo, tezi ikizidi gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, upungufu hushukiwa sana.

Mama Mifugo, Pugu

Shikamoo daktari, na pole kwako mfugaji. Mimi yalinikuta, na nilikuwa na jiwe la kulamba bandani. Muuzaji aliniapia kwamba lina madini yote. Niliposoma karatasi yake nikakuta chumvi, chokaa na fosforasi basi. La pili lilikuwa na madini joto, lakini nililitundika nje, likanyeshewa masika nzima. Je, daktari, mwani wa Zanzibar hauwezi kutusaidia?

Daktari wa mifugo, Kigamboni

Marahaba, mama. Kuhusu jiwe umesema kweli kabisa: lifunikwe, kwa sababu mvua huyaosha madini joto na jua huyapunguza.

Mwani siushauri bila kipimo. Kiasi cha madini joto hutofautiana sana kati ya aina na aina, na yakizidi nayo huifunga tezi. Kuna farasi waliolishwa mwani mwingi wakiwa na mimba wakazaa watoto wenye rovu lilelile. Mbuzi anayekamuliwa anahitaji takriban miligramu 0.8 kwa kila kilo ya chakula kikavu, na hadi miligramu 2 pale penye vyakula vya namna hii. Tafuteni pia madini ya seleniamu kwenye karatasi ya bidhaa. Vimeng'enya vinavyoondoa atomi moja ya madini joto ili thairoksini iwe homoni yenye nguvu zaidi vimejengwa kwa seleniamu, na mtoto aliyeikosa huzaliwa na misuli dhaifu, jambo linalonifanya nimfikirie tena yule aliyeshindwa kusimama. Lakini msimpe mnyama sindano ya seleniamu kwa kukisia, kwa kuwa kati ya dozi na sumu pana nafasi ndogo.

Mfugaji wa Goba

Asanteni sana. Jioni hii nimekwenda dukani na kusoma karatasi nne kabla ya kununua: mbili hazikutaja madini joto kabisa, moja ilitaja madini joto bila seleniamu, na ya nne ina vyote viwili, pamoja na viwango vyake. Kabichi nimeziacha, maganda yako juu ya bati yakikauka. Mmoja wa wenye mimba ana miezi mitatu, mwingine miwili na nusu. Daktari, nimeomba namba yako kwa ujumbe wa faragha ili uje uwapapase shingo.