Limau, choroko au chujio la maji: mradi upi wa sayansi utakamilika kwa wakati?

mama_zuu
Wakuu, salaam. Binti yangu anatakiwa kupeleka mradi kwenye maonyesho ya sayansi shuleni na bado hajachagua. Imebaki mitatu: betri ya limau ya kuwasha taa ya LED, mbegu za choroko kuoteshwa kwenye maji ya chumvi, na chujio la maji la mchanga na mkaa. Upi bora? Kesho anapeleka jina la mradi kwa mwalimu.

Fundi Waya
Mama Zuu, hujasema zimebaki siku ngapi, wala kama mna mita ya kupimia umeme. Na mwalimu anataka kifaa kinachofanya kazi au jaribio lenye vipimo?

Mimi nasema limau, linamalizika siku moja. Malimao manne, misumari minne iliyopakwa zinki, vipande vinne vya waya mnene wa shaba. Shaba ya limau la kwanza iungwe na msumari wa limau la pili, hivyo hivyo hadi la nne. Kila limau hutoa karibu volti 0.9. LED iwe nyekundu, maana huanza kuwaka kwenye volti 1.8 hivi. Nyeupe na bluu hutaka karibu 3.

MwalimuK
Fundi, hilo ni onyesho, jaribio bado. Jaji atauliza: "Ulibadilisha nini, ukapima nini?" Mtoto akijibu "niliwasha taa", maksi zimekwenda.

Choroko ndiyo mradi wa kushinda. Huota ndani ya siku moja hadi tatu, hivyo ukikosea unarudia.

Fundi Waya
Mwalimu, kigeu, yaani kitu cha kubadilisha, kipo! Chomeka msumari na shaba sentimita 1, kisha 2, kisha 3, upime mkondo kila mara. Eneo la chuma linalogusa maji ya limau likiongezeka, mkondo unapanda. Hapo grafu imepatikana.

Chemchem
Kabla hamjaenda mbali: binti asiandike kwenye bango kwamba umeme "unatoka kwenye limau". Unatoka kwenye zinki. Zinki inayeyuka kidogo kidogo na kuacha elektroni, zinapita kwenye waya hadi kwenye shaba, na huko ioni za haidrojeni za maji ya limau zinazipokea. Limau ni njia tu. Uthibitisho ni rahisi: tumia misumari miwili ya zinki inayofanana, mita itasoma sifuri au karibu na hapo. Hilo ndilo kundi linganishi lake, yaani jaribio la kulinganishia. Na limau lililochomekwa vyuma lisiliwe wala kukamuliwa juisi.

Fundi Waya
Sahihi kabisa. Niongeze sababu za taa kukataa kuwaka, maana ndizo zinazowaliza watoto siku ya maonyesho. Mguu mrefu wa LED uende upande wa shaba, ukigeuzwa haiwaki. Waya wa kusukia mota una vanishi, usiposuguliwa kwa msasa umeme haupiti. Na mita ikisoma volti 3.6 bila taa, msishangae ikishuka hadi karibu 2 mkiunganisha taa: limau lina ukinzani mkubwa ndani yake, yaani linauzuia umeme kupita. Mkondo hauzidi milliampia chache, kwa hiyo taa itafifia. Iwekewe kivuli ionekane.

Kisima_kirefu
Mbona hakuna anayetetea chujio? Kata kitako cha chupa, igeuze, ziba mdomo kwa pamba, weka mkaa uliopondwa, mchanga laini, kokoto juu. Maji yanatoka meupe mbele ya macho ya watu.

Chemchem
Yanatoka meusi, mkuu, kama mkaa na mchanga havijaoshwa mpaka maji yake yawe safi. Na mfinyanzi laini hupita mchangani. Akilichagua, apime ukungu wa maji, yaani yalivyochafuka: achore X kwenye karatasi, aweke glasi juu yake, amimine maji taratibu hadi X ipotee, apime kina kwa rula. Bango liseme wazi kwamba maji hayo si ya kunywa, vijidudu bado vimo.

MwalimuK
Nirudi kwenye mbegu, nieleze mradi mmoja ulivyoharibika, kwa sababu kosa lake hurudiwa sana. Vikombe vitano, mbegu tano kila kimoja. Chumvi ilipimwa kijiko cha chai kimoja, viwili, vitatu, vinne. Kikombe cha tano maji matupu. Siku ya nne hakuna iliyoota, hata kwenye maji matupu, na vikombe vyote vinanuka.

Makosa matatu. Kwanza, mbegu zilizamishwa. Mbegu inayoota inapumua, ikikosa oksijeni inaoza. Pili, kijiko kimoja ni takriban gramu 6, na katika kikombe cha mililita 250 hiyo ni gramu 24 kwa lita. Maji ya bahari yana 35 hivi. Tatu, mbegu tano ni chache: moja ikifa, umepoteza asilimia 20.

mama_zuu
Samahanini kwa kuchelewa. Zimebaki siku 12. Mita hatuna, mizani ya jikoni ipo. Mwalimu anataka jedwali na grafu.

MwalimuK
Basi mbegu, mama. Ayeyushe gramu 8 za chumvi kwenye lita moja. Achukue nusu lita ya hayo, aongeze nusu lita ya maji: sasa ni gramu 4. Arudie apate 2. La nne maji matupu. Kila kiwango visahani vitatu, kila kisahani mbegu 20 juu ya tishu iliyolowa, maji yasituame. Avifunike, la sivyo maji yanakauka na chumvi inakolea. Ahesabu saa ile ile kila siku. Mbegu imeota kimzizi kikifika milimita 2.

Kisima_kirefu
Grafu ya mistari au ya nguzo?

MwalimuK
Mistari: siku chini, asilimia zilizoota pembeni, mstari mmoja kwa kila kiwango. Chumvi huchelewesha kuota kabla ya kuzuia, na nguzo za siku ya mwisho peke yake zitaficha jambo hilo.

Fundi Waya
Mita ya kuazima haikosekani, mama. Limau bado lina nafasi.

mama_zuu
Asanteni. Binti anauliza: badala ya chumvi anaweza kutumia maji ya limau kwenye choroko?

Chemchem
Anaweza, ila limau moja halilingani na jingine kwa ukali. Akamue yote chombo kimoja, achuje, ndipo apime mililita. Na usiku huu aloweshe mbegu 20 kwa maji matupu kwenye tishu. Zikiota chini ya 17, atafute mbegu nyingine kabla ya kuanza lolote.