Wakulima wawili wa jina moja Nebraska, mwaka 1880: nitamtambuaje mhenga wa mkwe wangu?

Mwalimu Mstaafu, Tabora

Wanajukwaa, salaam. Binti yangu ameolewa na kijana wa Kimarekani, na mjukuu wetu wa kwanza alipozaliwa tulikubaliana kwamba kila upande uandike nasaba yake katika daftari moja, ili mtoto akikua azisome asili zake zote mbili. Upande wetu wa Kinyamwezi haukunipa taabu, kwa sababu marehemu shangazi yangu alikuwa akiwahesabu wazee wetu hadi kizazi cha saba bila kukwama, pamoja na wake zao na vijiji walivyohamia. Taabu imekuja upande wa mkwe, ambao nilidhani ungekuwa rahisi kwa kuwa kwao kila kitu kiliandikwa.

Babu wa babu yake alikuwa mkulima katika jimbo la Nebraska. Ndugu zake wametutumia mchoro wa nasaba unaosema kwamba alizaliwa Ohio mwaka 1841, akapigana upande wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, kisha akapata shamba la bure kutoka serikalini. Nilipoitazama sensa ya mwaka 1880 kwenye intaneti, nilikuta katika kaunti hiyo hiyo wanaume wawili wanaolingana jina la kwanza na jina la ukoo, wote wakulima na wote wana wake: mmoja ana miaka 39 na ni mzaliwa wa Ohio, mwingine ana miaka 37 na ni mzaliwa wa Pennsylvania. Mtoto anayetuunganisha na mhenga huyo alizaliwa mwaka 1882, hivyo hayumo. Sensa ya 1890 ingemwonyesha, lakini sehemu kubwa ya madaftari yake iliharibiwa na moto wa mwaka 1921 mjini Washington na mengi yaliyosalia yakateketezwa baadaye. Nifanyeje?

Mtu wa Masjala, Kigoma

Shikamoo Mwalimu. Nimefanya kazi masjala ya ardhi kwa miaka mingi, na ningekushauri uwatenganishe hao wawili kwa mashamba yao, kwa kuwa kila shamba lina anwani yake hata kama wenyewe wana jina moja. Nebraska ilipimwa kwa miraba ya maili sita kwa sita. Kila mraba ukagawanywa katika vipande 36 vya ekari 640, na mtu aliyeomba shamba la bure kwa sheria ya mwaka 1862 aliruhusiwa kupata hadi ekari 160, yaani robo ya kipande kimoja. Namba ya kipande na ya mraba huandikwa kwenye hati, na nakala za hati hizo zinatafutwa bila malipo katika tovuti ya idara ya ardhi ya serikali ya Marekani.

Hata hivyo, hati yenyewe ni karatasi fupi isiyokwambia mengi. Unachokihitaji ni jalada la maombi, ambalo huhifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya nchi hiyo. Mwombaji alipaswa kuishi shambani miaka mitano, kujenga na kulima, kisha kuleta mashahidi wawili waeleze alihamia lini, ana mke na watoto wangapi, nyumba yake ikoje na amelima ekari ngapi. Aliyekuwa mwanajeshi wa Kaskazini aliruhusiwa kupunguziwa miaka aliyotumikia vitani, na kwa sababu hiyo mara nyingi utakuta ndani ya jalada nakala ya cheti chake cha kuachishwa jeshi. Usipoliona jalada, usikate tamaa mapema: huenda mzee alinunua ardhi kutoka kampuni ya reli, ambayo ilipewa vipande vya namba witiri kandokando ya njia yake, na mauzo ya namna hiyo huandikwa katika masjala ya kaunti.

Binti wa Ujiji

Shikamoo Mwalimu. Ninaungana na kaka wa masjala, ila kabla ya kuagiza majalada yanayolipiwa, kuna daftari ambalo watu wengi hulisahau. Nebraska ilifanya sensa nyingine mwaka 1885 kwa msaada wa serikali kuu, nayo ipo. Mtoto wa mwaka 1882 atakuwa na miaka mitatu hivi, na nyumba anayolala ndiyo jibu. Kisha nenda sensa ya 1900, ambayo inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa kwa kila mtu, na kwa kila mama idadi ya watoto aliowazaa na walio hai.

Mchoro wa nasaba nisingeuamini mpaka aliyeuchora aonyeshe alichokisoma. Hapa Ujiji ukimtaja Mzee Juma utaulizwa ni Juma yupi, wa mama gani, jirani wa nani. Aliyechora huo mchoro inaonekana hakuulizwa.

Mwalimu Mstaafu, Tabora

Marahaba wanangu. Jana usiku, umeme uliporudi, nilikaa na mkwe kwa simu mpaka saa sita tukiyapitia madaftari. Mtoto tumemkuta mwaka 1885 katika nyumba ya yule wa Pennsylvania, na mwaka 1900 yumo katika nyumba hiyo hiyo akiwa na miaka 18, mama yake akiwa yule yule wa mwaka 1880. Mtu wa Ohio hatuhusu. Mkwe alinyamaza kidogo, kwa sababu hadithi ya vita ameisikia tangu utotoni. Tulipotazama orodha ya wanajeshi wa zamani ya mwaka 1890, ambayo kwa Nebraska imesalimika, aliyemo ni wa Ohio peke yake. Je, niifute vita katika daftari la mjukuu?

Mtu wa Masjala, Kigoma

Usiifute bado, Mwalimu. Orodha ile iliwaacha watu wengi, na kijana aliyezaliwa karibu na 1843 alikuwa na umri wa kutosha kabisa wa kwenda vitani. Tafuta faharasa ya pensheni, hasa ya mjane ikiwa mke alibaki nyuma, kwa kuwa mjane alidaiwa uthibitisho wa ndoa, na baadhi yao walituma hata ukurasa uliochanwa kutoka Biblia ya familia. Kwa sasa andika kwa penseli kwamba ndugu wanasimulia hivyo, kisha utuletee hapa namba ya kipande na ya mraba wa shamba la yule wa Pennsylvania, nami nitakusaidia kujaza fomu ya kuombea jalada.