MJADALA: Mtu wa kipato cha kawaida anayetaka bia mjini Unguja aende wapi?

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wengine wote habari za jioni.

Kuna kijana wa Dar anakuja Mjini kikazi, kauliza ni mtaa gani una baa za bei nafuu, akae na wenzake usiku bila ya kwenda kwenye hoteli za watalii. Wa kwanza kamjibu Zanzibar ni nchi ya Kiislamu, akanywe kwao. Wa pili kamtajia hoteli za Mji Mkongwe, zile zile alizosema hazimudu. Mimi sikubaliani na hata mmoja, na nataka tulijadili hili kwa adabu.

Pombe hapa si marufuku kwa sheria ya nchi. Inauzwa kwa leseni, na ipo bodi ya kusimamia vileo. Baa za kawaida zipo Ng'ambo, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na pembezoni mwa mji, upande wa Amani, Mwanakwerekwe, na kuelekea Bububu. Nyingi hazina hata bango la maana. Ni uzio wa mabati au makuti, viti vya plastiki, kreti zimepandishwa ukutani, na mlangoni kuna mtu na jiko lake la mkaa anageuza mishikaki. Wateja ni mafundi ujenzi, wapishi wa hoteli, madereva, askari waliotoka zamu. Wengi ni ndugu zetu wa bara, lakini tusidanganyane, na sisi tumo.

Mimi sinywi, na ninaishi jirani na baa mojawapo, kwa hivyo kero naijua. Muziki unapigwa mpaka usiku wa manane na mgonjwa yumo ndani. Watu wanakojoa ukutani. Asubuhi watoto wanakwenda skuli wanaruka chupa. Mama anayesema "hii baa iondoke hapa" ana haki, na anayemwita mshamba hajawahi kulala jirani na spika.

Ninapoachana na wenzangu ni pale wanaposema wanaotaka kunywa waende hotelini. Bei za fukwe za watalii, Nungwi, Kendwa na Paje, zimewekwa kwa mgeni aliyekuja na fedha za kigeni. Kijana anayembebea mgeni huyo bia mpaka kwenye kiti cha ufukweni hawezi kukaa pale akanunua mbili tatu kwa mshahara wake. Sasa tukiruhusu hoteli na kufunga mtaa, tumezuia nini? Mlevi wa dola tunampigia saluti na mlevi wa shilingi tunamfukuza, kisha tunasema tunailinda dini. Mwenye hoja ya dini aisimamishe kote, mtaani na ufukweni, nitamheshimu hata tusipokubaliana.

Na huko ufukweni hakuna wa kugusa, sababu tunaijua. Mwanzoni mwa 2024 leseni za waagizaji wa vileo wa zamani hazikuendelezwa, mzigo ukapungua, na sehemu nyengine bei ya bia ilikaribia kupanda mara mbili. Wenye hoteli walilalamika na dunia nzima ikasikia. Mwezi ule ule wa Januari waziri wa utalii, Simai Mohammed Said, akajiuzulu. Bia inavuka bahari kutoka bara na kupita mikononi mwa waagizaji wachache, kwa hivyo njia ikiziba kidogo tu bei inaruka. Wakati ule habari zote zilikuwa za mtalii. Yule fundi wa Mwanakwerekwe hakuulizwa kitu.

Ndugu mmoja kasema baa za bei nafuu zikifungwa watu wataacha ulevi. Wataacha wachache. Waliobaki watahamia kwenye gongo, inayopikwa uani kwa mtu bila ya kipimo wala mkaguzi, na hapo hakuna leseni ya kumnyang'anya mtu.

Mimi naona baa hizi ziwepo chache, maeneo ya biashara, mbali na msikiti, skuli na hospitali. Kabla ya leseni kutolewa au kuendelezwa, sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, aite wakaazi, na wanawake wasikilizwe, maana wao ndio wanaobaki na hiyo kelele nyumbani. Muziki uishie ndani ya uzio, choo kiwepo, na saa ya kufunga iwe saa ya kufunga kweli. Ramadhani zifungwe, hilo halina mjadala. Atakayeshindwa anyang'anywe leseni, hata kama mwenye baa ni mtu wa mkubwa fulani. Hapo ndipo tunapoharibu kila siku: mtaa mzima unalalamika, simu moja inapigwa, muziki unaendelea.

Na wewe kijana wa Dar, anza jioni yako Forodhani, bustani ya ufukweni Mji Mkongwe. Kula urojo, pweza, miwa ya kukamua, ila uliza bei kabla hujaonyesha kidole. Pita Jaws Corner, baraza ya kahawa huko huko Mji Mkongwe, unywe kahawa na usikilize wazee wanavyobishana siasa. Ukitaka baa baada ya hapo, muulize dereva wa bodaboda, na mpatane nauli ya kurudi kabisa. Chupa iache ndani, usitembee nayo mtaani. Watu hapa wanavumilia mengi, lakini hilo litakuletea ugomvi, na nitakuwa upande wao.

Wapemba mbona kimya? Kwenu Pemba tunasikia bia inapatikana kwenye mesi za polisi, basi. Je, mnaona utaratibu huo unatosha, au na nyinyi gongo imeshaingia? Na masheha mliomo humu, mwenye baa anapotaka leseni mtaani kwenu, mnaulizwa kweli au mnaletewa karatasi ya kugonga muhuri tu?