Tupeane uzoefu: mashine ya kusaga mabaki chini ya sinki ikigoma, huku nyanda za juu fundi unampata wapi?

Mama wa Forest Mpya (Mbeya):
Wakuu, habari za jioni. Nyumba tuliyohamia tuliikuta na ile mashine inayofungwa chini ya sinki la jikoni. Unafungulia maji, unawasha, mabaki ya chakula yanasagwa na kwenda na maji machafu. Mwezi uliopita ilivuma kidogo ikanyamaza, na sinki likajaa maji yenye ukoko wa ugali. Nilihangaika siku tisa kupata fundi.

Wa kwanza, fundi bomba, alichungulia na tochi ya simu akasema hajawahi kuona kitu kile, afadhali aking'oe aweke bomba la kawaida. Wa pili alitaka nimpe hela aagize mpya Dar, hata hakuigusa. Niliumia, maana mashine ni nzima kwa kuitazama na hela ya kununua nyingine sina.

Aliyeniokoa ni mzee anayesuka mota Mwanjelwa, mota za mashine za kusaga unga na pampu za visima. Nilimwendea baada ya jirani kuniambia, "Mama, hiyo si kitu cha jikoni, hiyo ni mota." Alipofika hakufungua chochote kwanza. Aliuliza, "Kabla haijafa ililia vipi?" Nikamwambia ilivuma bila kuzunguka. Akazima umeme kwenye meni swichi, akalala chali chini ya sinki, akanionyesha katikati ya kitako cha mashine kitundu chenye pembe sita. Akachomeka alenki, ule ufunguo wa pembe sita, akaizungusha kulia na kushoto. Mara ya tatu tukasikia "kwa!" Akaingiza koleo kwa juu, akatoa kizibo cha soda kilichojikunja kama jani. Pembeni ya kile kitundu kuna kibonyezo chekundu. Akakibonyeza, kikalia tiki. Tukawasha, ikazunguka. Shilingi elfu kumi na tano, na chai.

Alinieleza kwamba mle ndani hamna visu kama vya blenda. Kuna sahani ya chuma inayozunguka, juu yake vyuma viwili vinavyocheza, vinavyobamiza mabaki kwenye pete yenye meno. Kitu kigumu kikibana hapo mota inazidiwa, na kile kibonyezo kinaruka chenyewe ili isiungue. Kwa hiyo ikivuma bila kuzunguka, imebanwa. Ikiwa kimya kabisa, anza na umeme na kibonyezo.

Nanyi wenzangu, nani alipata fundi, wapi, na alimjuaje?

Wa Gangilonga (Iringa):
Kamwene wakuu. Yangu ilitoka Marekani, dada yangu aliniletea kwenye sanduku. Fundi umeme aliichomeka moja kwa moja ukutani. Haikumaliza dakika, moshi. Kibandiko cha ubavuni kimeandikwa volti 120, hezi 60 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde), na umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Hakukisoma, na mimi sikujua kwamba kinasomwa. Moyo uliniuma kwa sababu ya dada aliyebeba mzigo ule.

Nilizunguka nayo mpaka nikapata kijana anayesuka mota za pampu karibu na stendi ya zamani. Alitoa koili zilizoungua, akahesabu mizunguko ya waya mmoja mmoja kwenye daftari, akasuka upya kwa volti 230. Siku kumi na mbili. Inafanya kazi mpaka leo. Watu waliniambia ningenunua transfoma ya kushusha umeme ingetosha. Yeye akasema transfoma inashusha volti lakini hezi zinabaki 50, na mota ya hezi 60 hapo inazunguka polepole na kupata joto. Namwamini, maana alinieleza huku ameshika waya mkononi.

Fundi bomba, Makambako:
Mama wa Forest, mwenzangu aliyetaka kuing'oa msimlaumu sana. Sisi wengi hatujaziona. Ila niseme la upande wangu, maana naitwa kwenye sinki zilizoziba kila wiki, zenye mashine na zisizo nayo.

Huku kwetu tatizo ni baridi. Juni na Julai mafuta ya kitimoto yakimwagwa sinkini yanaganda kabla hayajafika chemba. Nimewahi kufungua bomba la inchi mbili nikakuta limebaki tundu la kupita kidole. Ukiongeza ugali uliosagwa laini, ule unanata kwenye mafuta kama plasta. Mashine haiondoi hilo. Mafuta yakusanye kwenye kopo, yagande, utupe. Na usimwage maji yanayotokota, bomba la plastiki linalegea kwenye maungio.

Usiingize pia maganda ya ndizi na ya mahindi, nyuzi zake zinajisokota kwenye sahani. Na kama nyumba inatumia shimo la maji taka, jua linajaa mapema kuliko la jirani.

Binti Uyole:
Mimi sina mashine. Mabaki yanakwenda kwa nguruwe wa mama yangu mdogo. Ila mada nimeipenda, kwetu tunapangisha na mpangaji ameleta moja.

Msafiri wa Tunduma:
Fundi wangu aliichukua "kwenda kuicheki dukani". Miezi miwili simu haipokelewi, ikarudi ikiwa na mota nyingine dhaifu, na skrubu mbili hazipo. Sasa kazi ndogo inafanyika jikoni kwangu nikiona. Ikibidi mota iondoke, napiga picha kibandiko, namba na skrubu zote mbele yake kabla haijatoka mlangoni. Fundi mzuri hachukii hilo. Anayechukia, mwache.

Mama wa Forest Mpya (Mbeya):
Asanteni sana, hasa ndugu wa Makambako. Leo nimeweka kopo la mafuta pembeni ya jiko.

Kuna aliyeniuliza pembeni, yuko Tukuyu, yake inazunguka vizuri ila inavuja. Nilimpelekea swali mzee wa Mwanjelwa. Anasema kausha kila kitu kwa kitambaa, weka karatasi kavu chini, fungulia maji, tazama tone linaanzia wapi. Likianzia juu kwenye shingo ya sinki au ubavuni kwenye bomba, ni mpira au maungio, fundi bomba wa hapo hapo ataweza. Likitokea chini kwenye kitako, maji yamepita oili sili, ule mpira unaozuia maji yasifike kwenye mota, na yanaelekea kwenye mota. Hapo usiiwashe tena, hata mara moja. Ifungue, upande nayo gari uje Mbeya. Mzee yupo kila siku isipokuwa Jumapili, nitakupeleka mwenyewe.