Mjadala: Daktari asiyefikisha pointi za masomo anyimwe leseni?

Daktari wa Visiwani (mleta mada)

Assalam aleikum nyote. Juzi hapa Lamu, pale Mkunguni, mbele ya Ngome, kulikuwa na kikao cha afya cha kawaida yetu: kaunti inaeleza, wananchi wanalalamika, kahawa inazunguka. Mzee mmoja akasimama akauliza swali ambalo halikuwa kwenye ajenda. Daktari akishapata cheti chake, ni nani humtahini tena? Akajibiwa kwamba yako masomo ya kila mwaka, na bila hayo leseni haitoki. Mwanasiasa mmoja akadakia: basi wasiofikisha wafungiwe! Makofi yakapigwa. Mimi ni daktari wa kaunti hii na sikupiga.

Kwa asiyeujua utaratibu: leseni ya daktari hapa Kenya hutolewa na KMPDC, baraza linalosimamia madaktari, na muda wake huisha tarehe 31 Desemba. Ukitaka ya mwaka unaofuata, lazima uonyeshe pointi 50 za masomo. Pointi hupatikana kwa warsha, makongamano, masomo ya mtandaoni, vikao vya hospitali iliyoidhinishwa kutoa mafunzo, na mengine ya aina hiyo. Sipingi daktari kusoma. Ninachosema ni kwamba pointi zinaonyesha tu kuwa nilihudhuria, na kwa sisi wa visiwani zinaonyesha pia kuwa nilipata nauli na mtu wa kunishikia zamu. Ukimfungia daktari wa Faza kwa sababu ya pointi, aliyeadhibiwa ni mgonjwa wa Faza. Masomo yabaki ya lazima, lakini yafanyiwe wodini, juu ya wagonjwa wetu wenyewe, na tupimwe hapo hapo. Haya, semeni.

Mvuvi wa Kizingitini

Waaleikum salam daktari. Nimekusoma mpaka mwisho na sikubaliani nawe, na sababu yangu ni visiwa hivyo hivyo. Mtu wa Mombasa akimwona daktari wake amepitwa na wakati, anavuka barabara kwenda kwa mwingine. Sisi mgonjwa tunamtia kwenye boti, tunangoja maji yajae tupite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara. Yakiwa makavu tunazunguka nje ya Manda, na kusi likivuma huko nje unakujua kulivyo. Tukifika tunamkuta daktari mmoja wa zamu, hakuna wa pili. Sheria ikitaka kulegea iwalegezee wenye wa pili. Kwetu ikazwe.

Na hili la nauli, daktari, samahani, ni lenu na mwajiri wenu. Usimtwishe mgonjwa.

Kijana wa Langoni

Masomo ya mtandaoni hayo? Mimi nishamwona daktari "yuko kongamanoni". Simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, mhadhiri anahubiri, mwenyewe anabishana na mtu bei ya kaa. Mwisho akabonyeza kitu, cheti kikaingia. Mashallah.

Daktari wa Visiwani

@Kijana, umenichekesha, na sitauliza alikuwa nani. @Mvuvi, mzee wangu, umenikaba pazuri. Lakini hebu niambie: huyo wa chupa ya chai ana pointi zake kamili na leseni yake iko ukutani. Sheria unayotaka ikazwe ndiyo iliyompitisha.

Mtafiti Mstaafu, Malindi

Nimefanya kazi ya utafiti wa afya huku Pwani miaka mingi, naomba niingilie maana naona kila mmoja anavutia kwake.

Kwanza, wanaosema daktari mkongwe hahitaji kufundishwa wapunguze. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 62 zilizotazama miaka ya daktari kazini na ubora wa huduma yake. Zaidi ya nusu ya tafiti hizo zilionyesha ubora ukishuka kadiri miaka inavyoongezeka. Uzoefu una faida zake, ila kinga si miongoni mwazo. Pili, wanaodhani warsha ndiyo dawa nao wapunguze. Mapitio ya mwaka 2009 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za afya, yalijumlisha majaribio 81 ya mikutano na warsha za watu wa afya, na utendaji ulipanda kwa asilimia 6 hivi. Palipochanganywa kusikiliza na kutenda matokeo yalikuwa bora kuliko palipokuwa na mhadhara mtupu.

Sasa niwape la nyumbani. Kwa miaka mingi daktari alifundishwa kwamba mtoto akiletwa na homa kali, miguu na mikono baridi, damu haizunguki vizuri, amiminiwe maji ya dripu haraka haraka. Kitabu kilisema hivyo, na akili ilikubali. Ukafanywa utafiti mkubwa Kenya, Uganda na Tanzania, watoto 3,141, na Kilifi ilikuwa moja ya vituo. Matokeo yakatoka 2011. Ndani ya saa 48, waliomiminiwa maji walikufa kama 10 na ushei katika kila 100. Wasiomiminiwa, 7 na ushei. Dawa tuliyokuwa tukiitoa kwa moyo safi ilikuwa inazidisha vifo. Jambo hilo liligunduliwa hapa kwetu, mwendo wa gari kutoka Malindi! Daktari aliyemaliza chuo 2008 na asifungue kitabu tena angeendelea kumimina mpaka leo, na wazazi wangemshukuru kwa bidii.

Kuna na upande ambao watu huusahau. Watoto wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa kwenye utafiti ule. Kwa hiyo aliyesikia nusu ya habari, kwamba "dripu inaua", naye ni hatari. Atamnyima maji mtoto wa kipindupindu. Ndiyo maana mimi nasema kuhudhuria bila kuhojiwa umeelewa nini ni mchezo. Hapo niko na daktari. Lakini niko na mvuvi kwamba hakuna ruhusa ya kubaki nyuma, uwe kisiwani au wapi.

Bi Mkunga

Mnajadili madaktari, madaktari. Saa nane za usiku mama anapojifungua mnadhani daktari yuko chumbani? Ni mimi na mwenzangu. Au ni ofisa wa kliniki.

Mtafiti, umetaja utafiti wa watoto, nami nitaje wa kina mama. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa kutokwa na damu baada ya kuzaa, hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uzazi zaidi ya 200,000. Waliobadilisha utaratibu walipunguza damu nyingi sana na madhara yake makubwa kwa asilimia 60. Na walichokibadilisha si cha ajabu. Chini ya mama waliweka mfuko wenye mistari ya kipimo, ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Sisi wakunga tunajijua: shuka imelowa, damu imechanganyika na maji ya uzazi, unasema "kidogo tu", kumbe mama anaisha. Ikifika kwenye mstari hakuna kungoja. Unakanda tumbo la uzazi, unampa oksitosini ya kukaza uzazi, asidi ya traneksamiki ya kuzuia damu, dripu, unakagua kama amechanika au kondo limebaki, yote kwa mfululizo mmoja. Zamani tulifanya moja, tukangoja tuone, tukafanya la pili.

Sasa mpelekeni daktari peke yake hotelini Mombasa akafundishwe hilo. Atarudi na begi la kongamano na slaidi. Mfuko wenye mistari hatuna, na aliyepo saa nane za usiku hakualikwa.

Daktari, Kliniki ya Binafsi, Malindi

Bi Mkunga, shikamoo, umesema kweli chungu. Naongeza ya upande wetu, ambayo wenzangu hawapendi isemwe. Sisi wa binafsi hatuna mwajiri wa kutulipia. Tukifunga kliniki siku mbili, ni siku mbili bila mapato. Kwa hiyo anayetulipia ukumbi, chakula na mhadhiri mara nyingi ni kampuni ya dawa. Unakula biriani, unapewa pointi, na mada ya siku, kwa bahati tu, ni ugonjwa unaotibiwa na kidonge chao kipya. Wapo watakaosema sahani moja ya wali hainunui akili ya daktari. Utafiti wa Marekani wa 2016 ulikuta hata mlo mmoja tu wa kampuni unakwenda pamoja na daktari kuandika zaidi dawa ya kampuni hiyo. Kama leseni yangu inategemea pointi, na pointi zinategemea biriani, basi malizieni wenyewe.

Nitoe na mfano wa masomo yaliyonisaidia kweli, maana si yote maneno matupu. Watamu, pale Bio-Ken, kituo cha nyoka, huwa kuna semina za kuumwa na nyoka. Mimi nilisomea bara, nyoka nilimwona kwenye picha. Nimekuja huku, mtu anaingia mguu umevimba mpaka pajani, ameumwa na bafe shambani, na jamaa zake wamemfunga kamba kama walivyofundishwa na babu zao. Katika semina ndipo nilipoelezwa kwa vitendo kwa nini ile kamba kwenye sumu ya bafe inauangamiza mguu: sumu inayokula nyama imefungiwa mahali pamoja. Nikaelezwa ni nani apewe sindano ya kuzuia sumu na ni nani aangaliwe tu, maana sindano yenyewe inaweza kumletea mgonjwa mzio mkali, na ni ghali. Hilo silisahau. Lilihusu mgonjwa ambaye angeingia mlangoni kwangu wiki ile ile.

Kijana wa Langoni

Kwa hiyo tatizo ni biriani au ni nyoka? Nimepotea.

Mwana wa Amu, Uingereza

Nauguza huku ughaibuni. Tangu Desemba 2012 madaktari wa huku hufanyiwa uhakiki kila baada ya miaka 5. Hawahesabu masomo tu. Kila mwaka daktari huketi na mtathmini, na katika ile miaka 5 hukusanya maoni ya wenzake na ya wagonjwa. Wanalalamika, karatasi nyingi. Lakini mgonjwa ana mahali pa kusema. Ila msiige kila kitu cha nje. Marekani bodi ya madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani iliwabana watu na mitihani na shughuli nyingi mpaka wakaasi, na mwaka 2015 bodi yenyewe ikaomba radhi hadharani.

Mvuvi wa Kizingitini

Hilo la maoni ya mgonjwa nimelipenda. Hapa kwetu ukimwambia daktari neno, muuguzi anakutolea macho.

Bi Mkunga

Hatutoi macho mzee. Tumechoka tu.

Daktari wa Visiwani

Nimewasoma. Niseme ninachokitaka wazi, isije ikaonekana natafuta mteremko.

New Mexico, jimbo la Marekani lenye vijiji vilivyo mbali kama vyetu, ndilo la kwanza kule kulazimisha masomo ya madaktari, mwaka 1971. Jimbo hilo hilo ndiko Dk. Sanjeev Arora alikoanzisha mwaka 2003 mpango wa kufundishana kwa video. Daktari wa kijijini habebi begi. Anakaa kwake, anamweleza bingwa na wenzake mgonjwa aliye naye, wanamhoji, anakwenda kutibu, wiki inayofuata anarudi kueleza imekuwaje. Walianza na homa ya ini aina ya C. Matokeo ya 2011 yalionyesha wagonjwa wa vijijini walipona sawa na wa kliniki ya chuo kikuu, asilimia 58 kwa 57 na nusu. Hapo huwezi kuegemeza simu kwenye chupa ya chai, kwa sababu mgonjwa ni wako na maswali yanakuja kwako.

Basi nusu ya zile pointi 50, angalau, zitoke kwenye vikao vya namna hiyo, hospitali za rufaa zikiwa upande wa pili wa video. Wauguzi na maofisa wa kliniki waketi meza moja na daktari, kila mmoja apewe pointi za baraza lake. Kaunti ilipe intaneti, ambayo ni nafuu kuliko kumlaza mtu hotelini. Asiyekuja wodini kwake mwenyewe, huyo mfungieni, nitapiga makofi.

Mtafiti Mstaafu, Malindi

Naunga mkono kwa sharti moja. Vikao vya hospitali hugeuka haraka kuwa vya kupongezana. Lazima mzungumzie vifo, na hasa vile vilivyoweza kuzuilika.

Mvuvi wa Kizingitini

Na sisi tujue mmesema nini kuhusu vifo hivyo. Waliokufa ni wetu.

Daktari wa Visiwani

Hapo, mzee wangu, nasita. Muuguzi akijua atakalosema kikaoni litafika barazani, hatasema. Atasema mgonjwa alichelewa kuletwa, tutafunga faili, na mwingine atakufa vile vile. Vikao hivi hufungwa ili watu waseme kweli.

Mvuvi wa Kizingitini

Mlango ukifungwa sijui kama mlisema kweli au mlikunywa chai. Sitaki majina. Bandikeni karatasi ubaoni: tarehe, tatizo lilikuwa nini, na nini kimebadilishwa. Mkiandika "tumeanza kupima damu kwa mfuko", nitakapomleta mke wa mwanangu nitauliza mfuko uko wapi.

Daktari wa Visiwani

Karatasi isiyo na majina naikubali.

Bi Mkunga

Nami naikubali. Ila mzee ukiuliza mfuko uko wapi ukaambiwa umekwisha tangu mwezi jana, usinigombeze mimi. Nenda kaunti, na umchukue yule mwanasiasa wa makofi.