MREJESHO: Msalaba wa kaburi la bibi ulioibwa Masasi

Wakuu nimerudi, ni yule niliyeuliza kuhusu msalaba wa chuma uliong'olewa kwenye kaburi la bibi huku Masasi. Asanteni sana hasa mlioniambia nizungukie wanunuzi wa skrepa (vyuma chakavu), maana siku ya tatu nikaukuta umekatwa vipande viwili, jina la bibi limebaki nusu, uko kwenye mzani kabisa! Nikakimbilia polisi nikapewa RB (namba ya taarifa yangu polisi), mnunuzi kashikwa kwa kupokea mali ya wizi, kifungu cha 311 Kanuni ya Adhabu. Mwizi mwenyewe kayeyuka, kwa hiyo kile cha 127 cha kuingilia makaburi kimelala. Vigae vya kaburi navyo ndo basi tena. Msalaba fundi kauunga, safari hii tumeuzamisha kwenye zege.