Ndoa ya Spider-Man walivyoifuta, mpaka leo inaniuma

Wakuu jana usiku nimerudia kusoma ile komiki ya Spider-Man ya 2007, One More Day, usingizi wote umeisha, acheni niseme tu.

Peter, ndiye Spider-Man mwenyewe, na Mary Jane walioana 1987. Miaka 20 tumewaona wanakosa hela, wananuniana, mke anakesha hajui mume atarudi mzima au ataletewa maiti, wakapoteza hadi mtoto na bado wakabaki pamoja. Halafu May, yule mama mkubwa aliyemlea Peter, anapigwa risasi iliyokuwa inamtafuta Peter mwenyewe, madaktari wanashindwa, anatokea Mephisto, shetani kabisa, anasema mama namponya ila nipeni ndoa yenu. Na wanampa! Asubuhi wanaamka hawajawahi kuoana, hakuna anayekumbuka chochote.

Huyu Peter wametoa wapi? Peter tunayemjua tangu 1962 baba mkubwa Ben alipouawa amebeba lawama bila kukwepa, mpenzi wake Gwen akafa 1973 yeye akihangaika kumwokoa, akabeba na hilo. Leo ndo aende kwa shetani? Mimi nimelelewa na mama mkubwa wangu, nampenda kuliko maelezo, na najua angenizaba kibao nikimwambia nimeuza ndoa yangu ili yeye apone. May naye hakuulizwa.

Aliyekuwa mhariri mkuu wa Marvel, kampuni inayotoa hizi komiki, Joe Quesada, alisema ndoa inamzeesha Peter, na wakimpa talaka atazeeka zaidi. Sasa mtu anakuaje jamani kama kila alichojifunza kinafutwa? Mnataka tumlilie halafu mnamrudisha awe kijana wa kupanga chumba anayechelewa miadi na wasichana! Sisi tuliokuwa tunamsoma tumeoa, tuna watoto, tumezika wazazi, yeye tu ndo kakatazwa.

Na 2024 walipotoa Ultimate Spider-Man, komiki ya pembeni yenye ulimwengu mwingine kabisa, Peter ana mke na watoto wawili, watu waligombania mpaka toleo la kwanza likachapwa tena na tena. Kwa hiyo wanajua inawezekana, ila kwenye mfululizo wenyewe hawataki.

Mnakumbuka yule kabinti wa 2007, shetani anapowaambia huyu ndo mtoto ambaye mngemzaa? Kwenye hii ya 2024 binti yao anaitwa May. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikakaa kimya muda mrefu sana.